Mwanamke Aliyechagua Lenzi Fupi

Habari ilinifikia Jumatatu asubuhi nikiwa jikoni, chai haijachemka. Aliyepiga simu ni dada wa marehemu, na hakuzungusha maneno: ametangulia alfajiri, maziko ni baada ya sala ya adhuhuri, wanawake tukutane nyumbani. Nilizima jiko nikakaa chini, simu ingali mkononi. Niliumia, tena kwa namna ya mtu aliyekuwa na jambo la kumalizia pamoja na marehemu, akawa analisogeza mbele wiki baada ya wiki. Jina lake sitalitaja, maana yeye mwenyewe hakupenda kutajwa. Lakini kama wewe msomaji ni mwanamke uliyeolewa Mji Mkongwe katika miaka kumi na tano hii, huenda ndiye aliyesimama hatua mbili mbele yako siku ulipokaa jukwaani na hina yako na asumini zako, akakwambia ushushe mabega upumue.

Alikuwa mpiga picha wa harusi za wanawake, kazi ambayo watu wa nje ya visiwa hivi hawaielewi mpaka waelezwe. Upande wa wanawake mwanamume haingii. Mabuibui huvuliwa mlangoni, simu hukusanywa kikapuni, na humo ndani kamera huwa moja tu, ya mtu anayeaminika. Yeye aliaminika kwa sababu ya desturi aliyojiwekea na ambayo sikumwona akiivunja. Sherehe ikimalizika, kabla hajavaa buibui lake, alichomoa kadi kwenye kamera akamkabidhi mama wa bibi harusi mkononi. Hakubaki na nakala. Aliyetaka picha zichapishwe alimfuata na kadi yake, akakaa karibu naye mpaka zikatoka zote, akaondoka nayo. Siku ya msiba, tulipokuwa tumekaa mkekani ghorofani kwao, binti mmoja wa ukoo alitaka kuzionesha picha chache alizopiga marehemu ili watu waione kazi yake. Tukatafuta kabatini, tukatafuta kwenye kompyuta. Hapakuwa na hata moja. Kazi yote ya maisha yake imo majumbani mwa watu, ndani ya masanduku yaliyofungwa.

Chumba chake cha kazi kilikuwa juu ya duka la vitambaa, katika uchochoro ambao vespa mbili haziwezi kupishana bila dereva mmoja kushuka. Kuta za mawe huvuta unyevu, na unyevu huotesha kuvu ndani ya lenzi, kwa hiyo lenzi zake alizihifadhi kwenye makopo ya plastiki yenye vifuniko vya kubana, pamoja na vile vipakiti vidogo vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Jamaa zake wote walijua kwamba ukinunua kiatu kipya, kipakiti ni chake. Vijana wengi walipanda ngazi zile kumuuliza kamera gani wanunue, na wengi walikuja na jibu lao tayari: walishaona mtandaoni bodi fulani mpya, yaani kamera yenyewe bila lenzi, ghali, wanataka tu awaambie ndiyo. Aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha alikaa kwenye kiti katikati ya chumba na kusema, "Haya, mimi ndiye picha yako. Wewe utasimama wapi?" Kijana akahangaika, akasimama karibu, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Pale alipotulia ndipo alipompa jibu. Wa nyumba na vichochoro alimshauri lenzi pana, kwa sababu humu mjini huna pa kurudi nyuma. Wa pete na hina, lenzi ya kukaribia. Wa harusi za ndani, milimita thelathini na tano au hamsini, inayofungua jicho lake sana ili isihitaji kuwamulika watu taa usoni, pamoja na bodi ambayo ukibonyeza haisikiki. Lenzi ndefu aliitoa kwa moyo mweupe kwa wa mpira na kwa wa kima punju wa msitu wa Jozani, maana hao, alisema, huna namna ya kuwaomba ruhusa. Bodi aliizungumzia mwisho kabisa. Bodi utaibadilisha, alikuwa akisema, lakini mahali unaposimama patabaki na wewe.

Mimi nami nilipanda ngazi zile, miaka minne iliyopita, nikiwa na haja moja tu: nilitaka picha ya uso wa mama yangu. Mama ni mtu wa Bwejuu, mkulima wa mwani tangu sijaingia shule, na nyumbani kwetu hatukuwa na picha yake hata moja isipokuwa ile ya kitambulisho. Wakati huo huo alikuwa miongoni mwa wanawake waliopigwa picha sana pwani ile. Maji yakitoka, akiinama kwenye kamba zake za mwani, wageni walisimama chini ya minazi wakamvuta kwa lenzi zao ndefu. Hakujali, mpaka siku moja alipokuja mjini kwa shughuli zake akajiona mwenyewe kwenye kadi ya posta, dukani, imening'inizwa mlangoni: ameinama, kanga imelowa imemganda mwilini, mgongo juu, uso hauonekani. Mwenye duka hakujua anaongea na nani, akamkaribisha anunue. Mama hakunisimulia hilo kwa mwaka mzima. Tangu hapo akiona kamera hujifunika kanga usoni, na aliwahi kumwambia mjomba kwamba picha yake imeshachukuliwa, hana nyingine.

Umri wake ulikuwa unakwenda, na mimi nilikuwa naogopa. Niliogopa kwamba siku moja nitabaki na kile kitambulisho. Lakini aibu ilinizuia kusema hayo mbele ya mpiga picha yule, na nadhani pia nilijua atakachonijibu. Alipokaa kwenye kiti akaniuliza nitasimama wapi, nilimdanganya. Nilimwambia nataka kupiga ndege wa ufukweni. Akanisimamisha ukutani, akacheka kidogo kwamba hata hapo bado ndege angekwisharuka, akanichagulia lenzi ya kuvuta inayofika mbali na bodi iliyozibwa vizuri dhidi ya chumvi na mchanga. Alinichagulia kwa uaminifu mkubwa. Alinifundisha hata namna ya kuifuta kwa kitambaa kibichi cha maji baridi, yasiyo ya chumvi, nikirudi kutoka pwani.

Msomaji, umeshajua nilichokifanya. Nilikwenda Bwejuu bila kumwarifu mama, nikasimama chini ya minazi, nikampiga mama yangu akiwa kazini. Nilijidanganya kwamba asipojua atakuwa na uso wake wa kawaida. Kati ya zote nilichagua moja ambayo aliinua kichwa kidogo, nikaikuza, nikaitia fremu, nikampelekea sikukuu ya Idi. Aliishika kwa mikono miwili akaitazama kwa muda mrefu sana. Kisha akailaza mkekani, upande wa picha chini, akasema, "Umenipiga kutoka kule wanakosimama wao." Hakugomba. Aliniandalia chakula, akaniuliza habari za kazi, akanifungia vileja vya kurudi navyo mjini. Lakini kwa miezi mingi baada ya hapo, nikifika kwetu nimebeba begi lolote, macho yake yalikwenda kwanza kwenye begi. Sijawahi kujidharau kama nilivyojidharau miezi ile.

Niliporudi kwenye kile chumba na kusema ukweli wote, yule bibi hakunilaumu. Aliniuliza mama anapenda kupumzika saa ngapi. Wiki iliyofuata tukaenda naye Bwejuu. Alichukua bodi yake kuukuu, iliyokwanguka rangi pembeni, na lenzi ya milimita hamsini, basi. Alimwamkia mama shikamoo, akaitikiwa marahaba, akaiweka kamera katikati ya mkeka mahali ambapo kila mtu anaiona, kisha wakaanza kufunga mbegu za mwani kwenye kamba wakiongea mambo ya harusi, nani kaolewa wapi, nani kaachika. Jua lilipopungua alimuuliza kwa adabu, "Bi mkubwa, utanipa picha leo?" Mama akasema bado. Yeye akasema haya, akaendelea kufunga kamba. Tuliondoka bila picha. Njiani nilishindwa kuvumilia nikamuuliza mbona hakubonyeza hata mara moja, alikuwa karibu kiasi kile, na kamera yake haina sauti. Akanijibu, "Hajanipa. Ningemwibia kwa karibu badala ya kwa mbali, basi, ndiyo tofauti yake." Alirudi mara nyingine mbili kwa mwaka ule na mara kadhaa baadaye, nyingine bila mimi. Kila mara aliomba, kila mara aliambiwa bado. Mara ya mwisho waliagana kwamba atakwenda tena baada ya mfungo. Hilo ndilo jambo nililokuwa nalisogeza mbele, kwa sababu mimi ndiye niliyetakiwa kupanga safari.

Nimekuwa nikiwaza haya wiki nzima. Ukienda Forodhani jioni, kabla hujafika kwenye meza za urojo na mishikaki umeshaingia kwenye picha za watu usiowajua, na wala si wageni peke yao siku hizi. Ni vijana wetu, ni sisi. Wanaojirusha baharini kutoka ukutani, wavuvi, mwanamke aliyesinzia barazani, watoto wanaotoka chuo cha Kurani, wote wamo mtandaoni na hakuna aliyewauliza. Tunawalaumu wageni kwa lenzi zao ndefu, na nikubali kwamba wana lao, lakini aliyemkosea mama yangu mara ya pili ni mtoto aliyemzaa, anayejua jina lake na kila kitu chake. Kijana akiuliza kamera bora ni ipi, maduka yatamwambia ni inayoona gizani na inayofika mbali. Yule bibi aliviheshimu vyote hivyo, alivijua kuliko wauzaji wengi, na bado alitumia bodi ya kizamani na lenzi inayomlazimisha kumfikia mtu mpaka amsikie akipumua. Ilimkosesha picha nyingi. Alikosa ya mama yangu, na alikuwa radhi kuikosa. Mimi nisingekuwa radhi, na hapo ndipo tofauti kati yake na mimi ilipo.

Alhamisi, baada ya hitima, nilikwenda Bwejuu kumpa mama habari kwa mdomo, maana kwa simu nilishindwa. Alikuwa ukumbini anachambua mchele. Alisikia, akaomba dua, akaendelea kuchambua, machozi yakimtoka. Sikujua kama walizoeana kiasi hicho. Kisha akaanza kunisimulia namna yule bibi alivyokuwa akija, alivyokuwa hasahau kumletea ubani, alivyokataa kukaa kwenye kiti. Nikasema, kwa uchungu wangu wa kijinga, kwamba masikini alikufa bila kuipata ile picha. Mama akaacha kuchambua, akanitazama.

"Yeye aliniomba kila alipokuja," akasema, "nami nikamwambia bado, kwa sababu nlikuwa nnamngoja mwenye haja. Wewe, mwanangu, hujaniomba hata siku moja."

Ni kweli. Nilinunua kamera kwa ajili ya ile picha, nilidanganya kwa ajili yake, nilijificha kwa ajili yake, nilimleta mtu kutoka mjini aniombee. Kinywa changu mwenyewe hakikuwahi kulitamka lile neno mbele ya mama yangu. Nilipiga magoti pale ukumbini, mchele ukiwa kati yetu, nikamwomba. Akaniambia nisubiri abadilishe kanga. Aliporudi alikaa mlangoni penye mwanga, hakujifunika, akanitazama moja kwa moja. Begini nilikuwa na kamera yangu na lenzi ya milimita hamsini, niliyoinunua baada ya safari ile ya kwanza na yule bibi, ikabidi nisogee mpaka magoti yetu yakakaribiana. Jicho moja halikutoka kali, na kama ningekuwa mwanafunzi wa yule bibi angeniambia nirudie. Sikurudia. Nilichomoa kadi nikamkabidhi mama, akaifunga kwenye pindo la kanga yake.

Kwa hiyo hamtaiona hapa. Kwa kijana msomaji wa safu yangu hii aliyeniandikia mwezi uliopita akiuliza anunue kamera gani, jibu langu ni hili: nunua unayoimudu, chagua lenzi kulingana na kazi yako, lakini kabla ya yote hayo nenda kwa mtu unayetaka kumpiga picha ukamwombe. Mimi nilimaliza miaka minne nikitafuta chombo cha kunifikishia uso wa mama yangu, na siku zote hizo mama alikuwa amekaa akingoja nimuulize.