Ufunguo Usio na Nukta

Ukitaka kumuudhi Mama Kitasa, mwambie mlango wako ni upi. Atainua kiganja kukuzuia, akuambie, "Hapana, hapana. Mimi nataka ufunguo, sitaki anwani." Ndivyo alivyofundishwa na baba yake, aliyemwachia kazi, jiliwa la kubania vyuma, tupa saba na kile kibanda cha chini ya ngazi, kwenye jengo la ghorofa nne ambalo lifti yake ilikufa kabla yeye hajaolewa. Fundi wa funguo hana haja ya kujua mlango. Akiujua, anakwenda kulala na kitu cha mtu mwingine kichwani.

Jambo la pili alilorithi ni zile nukta. Akimaliza kuchonga hupuliza vumbi la shaba, huyapitisha meno ya ufunguo kwenye ukucha wa kidole gumba, kisha huchukua msumari na nyundo ndogo na kugonga nukta tatu chini ya kichwa. Hiyo ndiyo dhamana yake. Ufunguo ukikataa, urudishe. Ukiwa na nukta tatu atakuchongea mwingine bure, hata kama imepita miaka kumi. Kwa miaka thelathini na moja, nusu ya mtaa ilikuwa inaingia nyumbani kwa nukta za Mama Kitasa.

Kisha bomu likalipuka stendi, asubuhi, watu wakiwa kwenye foleni ya tiketi. Mama Kitasa alimpoteza muuza magazeti wake, mzee wa watu aliyekuwa akimtania kila siku kwamba atamwoa akipata meno mapya. Alilia. Aliogopa pia, asiseme mtu kwamba hakuogopa. Kwa miezi, akiona begi limeachwa peke yake, alikuwa anavuka barabara. Hofu ile ilikuwa ya kweli. Uchafu ulikuja baadaye, na ulikuja umevaa suti.

Mafundi wote wa funguo waliitwa ukumbini, wakapewa soda na viti vya plastiki. Mbele alisimama mkubwa mmoja mwenye sauti laini, na ubaoni nyuma yake kumeandikwa: UFUNGUO WA PILI, USALAMA WA KWANZA. Magaidi hupanga vyumba, akaeleza, na vyumba vina milango, na milango ina funguo. Kwa hiyo kuanzia Jumatatu kila fundi akichonga ufunguo wa mteja atachonga na mwingine wa serikali, autie kwenye bahasha ya kaki, aandike jina, namba ya kitambulisho na nyumba. Mteja asiambiwe. Akiuliza vya nini, aambiwe ni kwa ajili ya dhamana. Fundi atakayefungua mdomo, miaka mitano jela.

Fundi mmoja wa kiti cha nyuma alinyoosha mkono, akauliza kama bahasha zitatolewa na serikali au kila mtu ajinunulie. Hilo ndilo swali pekee lililoulizwa ukumbi mzima. Wakajibiwa zitatolewa, wakapiga makofi. Mama Kitasa naye akapiga, soda ikiwa katikati ya magoti.

Bahasha zilikusanywa kila Ijumaa na bwana mmoja wa makamo, shati limepigwa pasi mpaka linakata, ambaye jina lake hakulitaja hata siku moja. Mama Kitasa akamwita Bahasha, na mwenyewe akaitika. Alikuwa na adabu zake. Alisalimia, akauliza mgongo unaendeleaje, akaagiza chai kwa mama wa ng'ambo ya barabara.

"Mama yangu," alimwambia siku moja akiipuliza chai yake, "mtu asiye na la kuficha anaogopa nini?"

"Kweli kabisa, baba. Hebu nipe wa kwako nikuchongee wa pili, niutundike hapa kwenye msumari."

Bahasha alicheka mpaka chai ikamwagikia suruali. Ufunguo hakuutoa.

Uasi wa Mama Kitasa ulikuwa mmoja tu, mdogo wa kuchekesha: funguo za serikali hakuzigonga nukta. Nukta ni ahadi, na serikali yeye hakuiahidi kitu. Basi kila Ijumaa zilitoka kibandani funguo za shaba zenye shingo tupu, na yeye akijipongeza moyoni kama vile ameangusha ukuta. Watu wazima tunajua kujidanganya.

Lakini kinachotia kinyaa kuliko vyote si kwamba alifanya. Ni kwamba alizoea. Baada ya miezi miwili mkono wake ulikuwa unachukua vipande viwili vya shaba wenyewe, bila kuulizwa. Wateja walitaja nyumba zao na kutoa vitambulisho kwa moyo mweupe, maana ni dhamana ya Mama Kitasa, nani asiyeijua? Jina lake jema, lililojengwa na baba yake na yeye, ndilo lililokuwa chambo. Yeye aliandika tu, kwenye bahasha na tena kwenye daftari lake, ukurasa baada ya ukurasa, kwa kalamu ya bure.

Hapo ndipo wifi yake alipokuja kibandani.

Wifi huyu, dada wa marehemu mumewe, wote walimwita Mwalimu. Alifundisha hesabu za darasa la tatu mpaka akastaafu, na sasa, na miaka yake sabini, alikaa peke yake kwenye nyumba ya vyumba viwili mitaa miwili kutoka pale. Baada ya bomu, vijana walipoanza kuzolewa barabarani na kupotelea rumande, mama zao walikwenda kwa Mwalimu awaandikie barua. Aliandika polisi, akaandika gereza, akaandika kwa waziri, kwa ule mwandiko wake wa ubaoni. Nakala za barua zote alizipanga kwa tarehe kwenye boksi chini ya kitanda. Kama barua mbili zilijibiwa, ni nyingi.

Siku hiyo alijibanza kwenye kona ya kibanda, akasubiri mteja aondoke.

"Wifi, nataka kukuuliza kitu, na usinicheke. Umewahi kusahau kwamba umekwenda chooni?"

"Heee! Mwalimu, umeanza utani mapema leo."

"Si utani. Nilikwenda kliniki, nimerudi nimekuta choo changu kina uchafu wa mtu. Haukumwagiwa maji. Na nyumba nilikuwa nimeifunga, na humo ndani nakaa peke yangu." Sauti ilimtetemeka, yeye aliyekuwa akinyamazisha watoto sitini kwa jicho. "Kiti kinahama. Barua za Machi nazikuta juu ya barua za Januari. Nimemwambia mwanangu, ananiangalia kwa huruma. Anasema ni mimi. Wifi, nakwisha akili."

Mama Kitasa alielewa kabla sentensi haijafika mwisho. Miezi michache nyuma alikuwa amemchongea Mwalimu ufunguo wa mlango wa mbele. Wa pili aliutia kwenye bahasha, akaandika nyumba kwa herufi kubwa ili isomeke vizuri.

Mwanamume mzima, mwenye mshahara na kitambulisho cha kazi, ameingia nyumba ya bibi wa miaka sabini, amesoma machozi ya mama za watu, ameshusha suruali, ameketi chooni kwake, ameondoka bila hata kumwaga maji! Ndio usalama huo. Ndicho walichopigia makofi.

Na alisema nini, Mama Kitasa huyu mwenye maneno yake? Alisema, "Labda ni uchovu tu, wifi. Nitakubadilishia kitasa."

Alikwenda jioni ile ile, akakifungua kitasa, akabadilisha vyuma vya ndani, akachonga funguo mbili mpya, nukta tatu huku, nukta tatu kule. Mmoja wa Mwalimu, mmoja wa mwanawe. Mwalimu alimshika mikono yote miwili, akasema, "Asante, wifi yangu. Leo nitalala." Ijumaa Bahasha akaja, na kabla ya chai akasema, "Nasikia kwa wifi yako kuna kitasa kipya." Mama Kitasa akageukia mashine, akachonga wa tatu kwa vipimo alivyobaki navyo, kwa macho makavu, na bahasha akailamba mwenyewe.

Wiki tatu baadaye, Jumapili mchana, aliitwa kwenye kikao cha familia nyumbani kwa Mwalimu. Walikuwepo mtoto wa Mwalimu, ambaye ni mfanyakazi wa kampuni ya bima, mke wake, na kaka mkubwa wa Mwalimu aliyeletwa kwa sababu ya mvi zake. Mwalimu mwenyewe alikaa kwenye kiti cha pembeni, mikono mapajani, utafikiri mtoto anayesubiri matokeo.

Yule mtoto si mtu mbaya. Alianza kwa kumsifu mama yake, akamalizia kwa kusema mama hawezi tena kukaa peke yake. Nyumba irudishwe kwa mwenye nyumba mwisho wa mwezi, mama ahamie chumba cha uani kwake, aangaliwe. Hayo makaratasi ya chini ya kitanda yachomwe, maana ndiyo yanayomchosha akili.

"Na si maneno yangu matupu," akasema, akatia mkono mfukoni. "Alhamisi nimemtoa kliniki, tumefika hapa, tumekuta ufunguo unaning'inia mlangoni, kwa nje! Mtu yeyote angeingia."

"Wangu ulikuwa kwenye mkoba," alisema Mwalimu taratibu. "Nilikuonyesha."

"Ndiyo, mama. Na wangu ulikuwa kwangu. Basi ulichongesha mwingine ukasahau. Ndicho ninachosema." Akauweka ufunguo mezani. "Mkaza mjomba, wewe ndiye fundi. Alikuja kwako kuchongesha wa tatu, si ndiyo? Waambie, tumalize."

Wote wakamgeukia. Mama Kitasa aliuchukua. Jino la tatu lilikuwa na mkwaruzo mwembamba unaoachwa na kisu cha mashine yake tangu kilipomeguka. Akaugeuza. Shingo ilikuwa tupu, laini, haina hata nukta moja. Yule mshenzi alikuwa amefungua, amepekua, na kwa haraka au kwa dharau ameuacha mlangoni.

Chumbani mle hakuna mwingine aliyejua maana ya shingo tupu. Neno moja tu, "ndiyo", na angekunywa chai akaenda zake. Bahasha asingejua, mtoto angeshukuru, na Mwalimu angeishi uani miaka iliyobaki akijiogopa mwenyewe, akihesabu mara ngapi amekwenda chooni.

"Ni wangu," alisema Mama Kitasa.

"Si ndiyo hivyo! Alikuja lini?"

"Hakuja. Mwalimu hajasahau kitu. Ufunguo huu nimeuchonga mimi nikawapa serikali. Na ule wa kitasa cha zamani niliwapa. Kila ninayemchongea, nawapa wa pili. Wanaingia humu, Mwalimu, wewe ukitoka. Ule uchafu wa chooni ni wao."

Mke wa mtoto akainuka, akafunga dirisha. Mzee wa mvi akasema, "Shemeji, nyamaza, hayo ni maneno ya kufungwa." Yule mtoto aligeuka kumtazama mama yake.

Mwalimu alikuwa analia. Kisha ikaonekana si kulia tu, anacheka pia, bega linamruka. "Kwa hiyo akili yangu ninayo," alisema. "Akili yangu ninayo!" Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa nguo, akaivaa, na alipomtazama wifi yake kicheko kilikuwa kimekwisha.

"Nilipokuja pale kibandani nikakueleza, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Na nikakushika mikono nikakushukuru."

Mama Kitasa alitamani atukanwe. Mwalimu aliutazama ufunguo ule kwa namna mtu anavyotazama kitu alichokikuta kwenye chakula, akausukuma kwa ncha ya kidole mpaka ukingoni mwa meza.

"Ondoka nao. Na usirudi hapa mpaka umewaambia wengine. Mimi nina kaka, nina mtoto, wameniitia kikao. Huko kwenye daftari lako wako wangapi wanaojidhania vichaa, na hawana hata wa kuwaitia kikao?"

Mama Kitasa alikwenda moja kwa moja kibandani, akatoa daftari chini ya meza. Hakukaa, maana alijua akikaa atafikiria Ijumaa, na akifikiria Ijumaa ataanza kutafuta maneno mazuri ya kubaki pale pale. Alifungua ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza. Ilikuwa nyumba ya mtaa wa nyuma, mlango wa kijani, fundi makochi mmoja aliyefiwa na mkewe, yule aliyepoteza ufunguo wake ile Jumatatu ya kwanza kabisa.

Fundi makochi alifungua akiwa na sindano kubwa mdomoni. Alimtambua, akafurahi.

"Mama Kitasa! Umekuja mpaka huku? Ufunguo wako uko salama, haujanikatalia hata siku moja."

Alimweleza yote akiwa amesimama kizingitini. Yule bwana aliitoa sindano mdomoni, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akaketi pale pale kwenye ngazi.

"Vitu vyangu vilikuwa vinahama," alisema. "Droo nazikuta zimepekuliwa. Nikamfukuza dada wa kazi. Miaka tisa alikaa hapa, amenilelea watoto. Aliapa, akapiga magoti hapo uliposimama, nikamwita mwizi mbele ya majirani."

Mama Kitasa aliangalia chini, akaona amesimama hapo. Alisogea pembeni.

"Anakaa wapi sasa?" aliuliza.

"Sijui," alisema fundi makochi. "Sikumuuliza anakokwenda."