Saraswati wa Sebuleni kwa Shangazi

Harufu ya ndimu iliyokamuliwa kwenye majivu ilijaa sebuleni kwa shangazi Konsolata kila Jumamosi asubuhi. Nilikuwa darasa la nne, nimepelekwa kwake Rusumo kwa msimu mmoja wa mvua kwa sababu ujauzito wa mama ulikuwa wa taabu. Shangazi alikuwa fundi cherehani, na nyumba yake ilitetemeka kidogo kila lori lilipopanda kutoka mpakani. Kwa majivu yale aling'arisha sanamu ya zamani ya shaba nyeusi iliyokaa juu ya kabati la vyombo: Saraswati, mungu wa kike wa Wahindi, amekunja mguu, amepakata ala ya nyuzi yenye shingo ndefu. Shangazi alipewa sanamu hiyo na Bi Kamla, mjane mwenye duka ambaye alikuwa mteja wake wa miaka mingi, siku alipohamia Mwanza kwa mwanawe. "Mimi namwomba," Bi Kamla alimwambia. "Wewe mpende tu, na umfute vumbi." Shangazi alimpenda kwelikweli. Alinionyesha bangili nyembamba kama uzi wa kushonea, na mikunjo ya vazi ambayo, alisema, yeye na pasi yake wasingeiweza.

Wenzake wa kwaya ya kanisani hawakuipenda sanamu hiyo. Walinong'ona kwamba ameingiza mungu wa kigeni ndani, mwishowe wakamtaka achague: sanamu au kwaya. Kuimba ndiko kulikokuwa furaha yake kubwa. Alilia jikoni akidhani simwoni, kisha akamwita babu, baba yake, mzee wa kanisa kule Keza, aje aamue.

Babu alifika kwa pikipiki, matope hadi magotini. "Shikamoo, babu." Aliitikia marahaba bila kunitazama, macho yake yalikwisha kutua kabatini. Aliiteremsha sanamu, akaipakata, akafuatisha vidole vya shaba kwa vidole vyake mwenyewe.

"Konso," alisema taratibu, "huyu anapiga inanga."

Ndipo tulipojua kwamba kwao Burundi babu alikuwa mpigaji wa inanga, ala ya nyuzi ya kulaza mapajani, na kwamba aliiacha nyuma walipokimbia. Hata shangazi hakuwahi kuambiwa. Babu akaketi, akaimba wimbo mrefu wa Kirundi kwa kunong'ona, kama ziimbwavyo nyimbo za ala hiyo. Shangazi alisikiliza akiwa ameshika mlango.

Jumapili babu alisimama mbele ya wanakwaya. "Kwa binti yangu anaabudiwa Mungu mnayemjua. Ile ni kazi ya mikono, na mikono ile ilijua muziki. Njooni muitazame." Wengi walikuja. Shangazi alirudi kuimba, ingawa wawili watatu hawakumsalimu tena.

Siku hizi sebule yangu mjini Ngara ina luninga pana, maua ya plastiki na saa yenye picha ya maporomoko, vyote nilivinunua kwa siku moja. Wageni huvisifu, hunywa chai, huinamia simu zao. Kwa shangazi kulikuwa na kitu kimoja tu kizuri cha kutazama, nasi tulikitazama bila haraka, mpaka mzee aliyekaa kimya miaka yote ile akapata pa kuanzia kusema.