Kura za Darasa Lililokuwa Banalia

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa kitenge kipya, nikafika mapema mno na kukuta ofisi ingali imefungwa. Nilikuwa na cheti cha kupiga chapa na barua ya kuajiriwa kama mwandishi katika ofisi ya mambo ya wanafunzi, kwenye chuo kikuu kimoja hapa Kisangani. Mkuu wa ofisi, ambaye wote tulimwita Papa Directeur, alikuja akisukuma baiskeli yake, akafungua mlango na kunionyesha meza iliyo karibu na dirisha. Sikuwa nimekaa nusu saa wakatokea wanafunzi sita na barua. Walilalamika kwamba bomba la bweni lao lilikuwa limekauka kwa wiki mbili. Papa Directeur aliisoma polepole, halafu akanipa mimi.

"Mama Zaina, soma. Kosa iko wapi?"

Nilitafuta makosa ya herufi, nikapata mawili. Akatikisa kichwa.

"Haiko kosa ya kuandika. Hii barua inasema 'sisi wanafunzi wote wa bweni'. Nani aliwatuma? Walikutana siku gani? Nani aliandika yenye walisema?" Akawageukia wale vijana, bila ukali. "Muende mukutane, mutuletee PV. Maji iko haki yenu. Lakini mimi siwezi kuingia kwa Rekta na maneno ya batu sita."

PV, yaani procès-verbal, ni karatasi inayoeleza kikao kilifanyika lini, nani walihudhuria, nini kilisemwa na nini kiliamuliwa. Vijana waliondoka wamenuna. Siku ya tatu walirudi na PV ya kurasa mbili, yenye sahihi za wakaaji wa kila chumba. Papa Directeur alivaa koti lake, akaenda nayo kwa Rekta, mkuu wa chuo, na kabla ya juma kwisha fundi alikuwa bwenini na vyombo vyake. Mimi nilidhani nimeajiriwa kupiga chapa. Siku ile nilianza kuelewa kwamba nimeajiriwa kuwasaidia vijana wasikilizwe.

Ninyi mnaosoma sasa huenda mnajua chama cha wanafunzi kwa kelele zake tu, siku ya uchaguzi au siku ya mgomo. Kelele ni sehemu ndogo. Chama kinaanzia darasani. Kila darasa, ambalo sisi tunaliita promotion, linamchagua mkuu wake, chef de promotion, au CP kwa kifupi. CP ndiye anayejua nani ni mgonjwa, nani amefiwa, profesa gani hajaonekana tangu mwezi uliopita. Ma-CP wa kitivo kimoja wanamchagua mjumbe wa kitivo. Wajumbe wote wakikaa pamoja wanakuwa baraza, na baraza ndilo linaloandika kanuni na kuzilinda. Juu kuna ofisi ndogo ya utendaji: mratibu, naibu wake, katibu, na wengine wa mambo ya jamii na ya nidhamu. Mratibu anachaguliwa na wanafunzi wote kwa kura ya siri, na muda wake ni mwaka mmoja wa masomo. Asipofanya kazi, baraza linaweza kumwita ajieleze, na hata kumwondoa. Uchaguzi unasimamiwa na tume ya wanafunzi wa mwaka wa mwisho ambao si wagombea. Ofisi yetu haikuwa na kura. Tulikuwa mashahidi: tulipokea barua, tulitunza PV, tulithibitisha orodha za wapiga kura.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa apparitorat, ofisi inayoandikisha wanafunzi. Mkuu wangu huko, Papa Apparitaire, alikuwa mtu wa mkoa wa Maniema kama wazazi wangu, na hakuvumilia jina lililoandikwa vibaya. Akiona kosa alikuita, akakufanya ulisome jina hilo kwa sauti mbele ya mwenyewe na kumwomba radhi. "Mama yake alimupatia hii jina," alisema. "Wewe unaikata sababu gani?" Niliporudi ofisi ya wanafunzi kama mkuu wa bureau, yaani kitengo kilicho chini ya mkurugenzi, nilijiona mtu asiyeweza kukosea kwenye orodha.

Sasa niwaeleze kosa langu.

Mwaka wa kosa hilo wagombea wa uratibu walikuwa wawili. Josué alisoma sheria. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa Butembo aliyefungua duka la jumla hapa mjini kisha akarudi kwao, na Josué alijua kuzungumza hata wauzaji wa mikate kwenye lango la chuo walisimama kumsikiliza. Béatrice alisoma kilimo, mwaka wa mwisho. Alikuwa mpole, wa maneno machache, lakini alikuwa CP miaka mitatu mfululizo na hakuna mgonjwa wa darasa lake aliyelala hospitali bila kuletewa chakula.

Kura zilipohesabiwa, Josué alishinda kwa kura kumi na moja. Tume ilitangaza, Rekta akasaini, vijana wakambeba Josué mabegani mpaka barabara kuu. Kwenye PV ya tume kulikuwa na mstari mmoja: darasa la tatu la kilimo halikushiriki. Darasa hilo, lililo nyuma ya lile la Béatrice, lilikuwa Banalia, mbali na mji, kwa mazoezi ya shambani. Watu walisema hawakujali, na mimi pia niliamini hivyo.

Siku nne baadaye lori lao lilirudi, limechafuka matope mpaka juu ya madirisha. CP wao, kijana aliyeitwa Dieudonné, alikuja ofisini kabla hata ya kunawa miguu.

"Mama Zaina, sisi tulikosea nini?"

"Mulikosea namna gani, papa?"

"Banasema tulikatala kupiga kura. Mbele ya kuenda Banalia niliandika barua. Niliomba tupige mapema, ao batutumie sanduku kule, vile kanuni inasema. Nilikupatiaka wewe, kwa mikono."

"Uko na kopi?"

"Hapana. Niliandika moja tu."

Nilimwomba angoje kibarazani nje, nikafungua kabati. Ilikuwa kwenye faili la barua za mabweni, mahali isipostahili kuwa. Mhuri wangu, tarehe, sahihi yangu. Ndipo nikakumbuka. Asubuhi ile dada yangu alinipigia simu kwamba mama yetu ameanguka uani, mtaani Kabondo, na hawezi kusimama. Nilikuwa nimeshika barua mkononi. Niliipiga mhuri, nikaichomeka kwenye faili lililokuwa wazi, nikakimbilia pikipiki. Mama alikaa hospitali majuma matatu. Barua ilikaa pale pale.

Nitawaambia ukweli wote. Kwa muda mfupi, nikiwa peke yangu mbele ya kabati, niliwaza kuirudisha kwenye faili. Nakala haikuwepo. Mimi nilikuwa mama mwenye miaka mingi kazini, yeye kijana mwenye matope. Wangeniamini mimi. Wazo hilo lilinitia hofu kuliko kosa lenyewe. Nikamwita, nikamwekea barua mkononi.

"Iko hapa. Ni mimi nilisahau."

Aliisoma barua yake mwenyewe tangu mwanzo mpaka mwisho, kana kwamba iliandikwa na mtu mwingine. Nilingoja anikasirikie. Akainua macho.

"Ile siku ulitoka mbio. Ulisema mama yako ameanguka. Alipona?"

Niliitikia kwa kichwa kwamba ndiyo.

Papa Directeur wa zamani alikuwa amekwisha kustaafu. Mkurugenzi mpya, ambaye naye tulimwita Papa Directeur, alikuwa mdogo kwangu. Nilimjua tangu akiwa mwanafunzi. Nilimpelekea barua. Aliisoma, kisha akafunga mlango.

"Mama, matokeo yalishatangazwa. Rekta alishasaini. Tukifungua hii jambo, batasema bureau ilipika kura."

"Hatukupika, Papa Directeur. Nilisahau. Lakini kwa bale batoto ya darasa la tatu, iko sawasawa."

Alitembea mpaka dirishani na kurudi. Akachukua karatasi, akaandika demande d'explication, barua anayopewa mfanyakazi ili ajieleze kwa maandishi.

"Nakupatia hii leo, na wewe unijibu leo," alisema. "Kesho ukisimama mbele ya baraza, mutu asiseme ulijificha."

Nilijibu kwa mistari mitatu.

Kesho yake baraza la wajumbe lilikutana katika ukumbi wa sayansi. Nikiwa shahidi wa ofisi niliruhusiwa kusema. Nilisoma barua ya Dieudonné, nikaeleza ilikokuwa na kwa nini. Ukumbi ulivuma. Mjumbe mmoja wa upande wa Josué alisimama na kijitabu cha kanuni: malalamiko juu ya uchaguzi yapokelewe ndani ya siku mbili, na siku mbili zimepita. Alisema kweli. Kanuni ilikuwa wazi. Mwenyekiti wa kikao alimtazama katibu wake, katibu akatazama meza.

Josué, aliyekaa mstari wa mbele kwa suti aliyoazimwa kwa ajili ya kuapishwa, aliomba neno.

"Bon. Hiyo kanuni iko ya mutu mwenye alijua na akanyamaza," alisema. Kwa mara ya kwanza nilimsikia akitafuta maneno. "Hawa balikuwa Banalia. Hakuna réseau ya simu kule. Na barua balileta. Mimi sitaki kuongoza batu benye hawakunichagua na hawakunikatala. Bapige kura. Kama iko yangu, itabakia yangu."

Kikao kilipiga kura juu ya pendekezo hilo, na likapita.

Siku mbili baadaye darasa la tatu la kilimo walipanga mstari na kadi zao. Tume ilihesabu mbele ya watu, mjumbe mmoja akichora vijiti vya chaki ubaoni. Vilipojumlishwa na kura za kwanza, Béatrice alikuwa mbele kwa kura nne. Hakuruka wala kupiga kelele. Aliziba mdomo kwa mikono yote miwili. Josué alikuwa wa kwanza kumpa mkono, halafu akatoka kwa mlango wa nyuma.

Mchana wa kesho yake alikuja ofisini kwangu, akakaa bila kukaribishwa.

"Papa yangu aliita jamaa yote kule Butembo. Balikula mbuzi," alisema. "Sasa nimuambie nini?"

"Umuambie kuna mama mumoja hapa Kisangani alisahau barua."

Alianza kucheka, na kicheko kikageuka kilio, kile cha kijana anayejitahidi kisisikike. Sikumwambia anyamaze. Nilifungua sahani yangu ya chakula, lituma, yaani ndizi zilizopondwa, na samaki wa moshi, nikaigawa sehemu mbili. Tulikula pamoja. Alipomaliza aliosha sahani kwenye bomba la nje, akaileta safi, akaaga.

Béatrice alimwomba awe katibu wake, maana kanuni zilimruhusu mratibu kumteua katibu, baraza likikubali. Josué alikataa. Alisema hataki kazi ya kuonewa huruma. Ulipita karibu mwezi. Siku moja nikamwona mlangoni ameshika daftari jipya.

"Mama Zaina, PV inaanzaka namna gani?"

Nilimfundisha kama nilivyofundishwa. Wawili wale hawakupatana kwa kila jambo. Niliwasikia wakibishana juu ya maji, juu ya vyumba, juu ya wapi pa kubandika matangazo. Lakini Josué aliandika hoja za kumpinga Béatrice na hoja za Béatrice kwa urefu ule ule. Nilizisoma PV zake zote.

Mimi nilipewa karipio kwa maandishi, na limo katika faili langu mpaka leo. Sikuomba liondolewe.

Nilistaafu mwaka jana. Mengi yamebadilika. Siku hizi CP anatangaza kikao kwa WhatsApp, na wapo wanaodhani kidole gumba kwenye simu ni kura. Ninapoulizwa na vijana wa mtaani kwetu kazi yangu ilikuwa nini, nashindwa kueleza kwa neno moja. Sikuwafundisha somo lolote. Nilikaa karibu nao katika miaka ile wanapojaribu kwa mara ya kwanza kuongoza watu na kuongozwa, nikaona namna kazi hiyo inavyowauma, na nikaona wengi wao wakiifanya vizuri ingawa inawauma.

Juma langu la mwisho kazini baraza lilinialika kwenye mkutano mkuu ili niwaage. Mwenyekiti alikuwa msichana mwembamba wa mwaka wa pili, mwenye sauti kubwa. Alipotaka kunipa neno, kijana mmoja wa nyuma aliinua mkono.

"Madame Présidente, hoja ya utaratibu. Mama Zaina haiko tena shahidi wa bureau, alishapeana kazi kwa mwingine. Mutu wa inje hasemi kwa assemblée bila kura."

Watu wakamzomea. Mwenyekiti aligonga meza mpaka wakanyamaza.

"Mwenzetu anasema kweli. Wenye banakubali Mama Zaina aseme, bainue mikono."

Mikono iliinuka karibu ukumbi mzima, na wa yule kijana pia. Mwenyekiti akauliza nani hakubali. Mkono mmoja uliinuka, wa msichana aliyekaa kando ya dirisha. Sikumjua, na mpaka leo sijui sababu yake. Hakuna aliyemzomea. Katibu aliandika: anayepinga, mmoja.

Nikasimama kusema, na ilinibidi kwanza nitafute leso.