Maganda ya Bunduki ya Harald

Verna Tollefsby hajanunua risasi mpya dukani tangu aolewe, na hilo alilitangaza kanisani, dukani na hata kwenye misiba ya watu. Risasi kwake ni kama suruali ya kazi. Unavaa, unafua, unavaa tena. Ukishapiga, ganda la shaba linabaki. Unaliokota, unaliosha, unalitia fataki mpya, baruti, na kichwa kingine cha risasi, basi limerudi kazini. Hapa bondeni kwetu Montana tuko wengi tunaojaza risasi wenyewe, lakini kuosha maganda ni kazi inayotushinda. Tunampelekea Verna.

Mimi nakaa ng'ambo ya kijito, naliona jiko lake kutoka dirishani kwangu. Aliosha kwenye chupa za achari. Maji ya moto, siki, chumvi kidogo, tone la sabuni ya vyombo. Anatikisa, anaacha, anakwenda kulisha kuku, anarudi. Saa hakuitazama, alitazama rangi. Masizi yakishatoka anamwaga, anasuuza kwa maji mengi, anatandaza maganda juu ya wavu karibu na jiko la kuni. Kung'aa hakumshughulishi. Na lile lililosahauliwa kwenye siki mpaka likawa rangi ya waridi, hulitupa, mwenye ganda alie asilie.

"Hilo limeliwa," husema. "Siki imekula nguvu, imekuachia sura."

Chupa za maganda alizipaka rangi nyekundu ya kucha kwenye vifuniko, zisichanganyike na zile za matango. Hata hivyo, kwenye chakula cha kanisa hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kugusa matango yake. Mwaka mmoja Ole Kvamme, mzee mwenye maneno mengi, alichomeka uma katika tango moja akaliinua juu.

"Verna, hili lina baruti?"

"Kula tu, Ole. Wewe ndiye unayehitaji kitu cha kukusukuma."

Mchungaji mwenyewe alicheka mpaka akaweka kahawa chini.

Mumewe Verna, Harald, alikuwa na bunduki ya babu yake. Kiwanda kilichotengeneza risasi zake kiliacha zamani. Harald alipokufa, maganda yaliyobaki ni yale tu yaliyochomekwa kwenye mkanda wake wa ngozi, nyuma ya mlango. Sasa ngozi na shaba hazipatani. Kila ganda lilikuwa limeota kutu ya kijani pale ngozi ilipolikumbatia. Verna hakuyagusa. Alisema atayaosha siku yatakapohitajika.

Siku hiyo ilifika mwaka juzi. Huku kwetu kibali cha kuwinda elki jike, kulungu wakubwa kama mitamba, hutolewa kwa bahati nasibu, na Verna alikuwa ameomba na kukosa mpaka akaamini jina lake hawajui kulisoma. Mwaka huo likatoka. Na mwaka huohuo daktari mjini akakubali kumpasua lile jicho lake la kulengea, lililokuwa limetanda ukungu.

"Kibali kimepatikana, jicho linapatikana," akaniambia. "Nyama ya mwaka huu itatoka kwenye bunduki ya Harald. Baada ya hapo nitaipumzisha."

"Na ukikosa shabaha?"

"Ulishaniona nikikosa?"

"Nimekuona. Yule kulungu wa kwenye shamba la Kvamme bado anakucheka."

"Huyo alisogea."

Akaenda mjini kupasuliwa, akakaa kwa dada yake. Nyumbani, mwanawe Kurt na mkewe Shawna wakaja kulisha kuku. Shawna ni mtoto wa mjini. Baba yake alipiga tarumbeta kwenye bendi, na katika nyumba yao shaba ilisuguliwa mpaka ujione meno. Akayaona maganda yale ya kijani nyuma ya mlango, akamwonea huruma mama mkwe. Akayatoa kwenye mkanda, akayaloweka kwenye amonia, ile kali ya kusafishia sakafu, yakalala humo usiku kucha. Asubuhi akayasugua kwa kitambaa.

Siku Verna aliporudi nilikuwepo, nimeleta bakuli la tambi na nyama kwa ajili ya mgonjwa. Maganda yalikuwa yamepangwa juu ya meza kama watoto wa kwaya, yanang'aa kweli. Verna, na jicho lake limefunikwa, akachukua moja. Hakulitazama. Alilinusa.

"Uliyaosha kwa kitu gani?"

"Amonia," Shawna akasema, huku anatabasamu. "Baba alisafisha tarumbeta yake kwa amonia. Kijani chote kimetoka, Verna."

"Mama, yanashinda mapya," Kurt akadakia. "Sema asante basi."

"Asante," Verna akasema. "Umeniulia bunduki."

Tabasamu la Shawna likakatika. Verna akaketi, hata koti hakuvua. Akawaeleza taratibu, kama anayesoma tangazo la mnada. Tarumbeta hailipuki. Ganda la risasi limeshaminywa kiwandani, likapanuka kwa moto, likaminywa tena. Amonia huipasua shaba ya namna hiyo kwa ndani, huku nje inapendeza. Ganda bovu likilipuka ndani ya bunduki, moto unaweza kurudi nyuma, kwenye uso wa mpigaji.

"Sikujua," Shawna akasema.

"Hukuuliza."

"Mama, inatosha," Kurt akasema. "Pengine yamepona. Jaribu moja kwenye mashine."

Verna akalipeleka ganda kwenye ile mashine ya mkono ya kuminya shingo ya ganda irudi saizi yake. Akabonyeza mkono wa chuma. Tukasikia tik. Shingo imepasuka kama njegere iliyokauka. Akaweka la pili. Likatoka zima.

"Unaona!" Kurt akapiga meza. "Yapo mazima! Tafuta mazima, uende mlimani."

 Verna akalishika lile ganda la pili, akaligeuza huku na huku. Nilimjua. Kibali kile alikisubiri miaka, na bunduki nyingine hakuwa nayo. Akanigeukia.

"Ungekuwa wewe?"

"Mimi sina jicho jipya la kupoteza," nikamwambia. "Wewe unalo."

 Verna akaenda barazani kwenye jiriwa ya Harald, akaliweka lile ganda zima katikati ya meno ya jiriwa, akakaza mpaka likawa bapa kama sarafu. Akarudi kuchukua mengine. Yote aliyabana, asije mtu mwingine siku moja akayaokota akayajaza. Shawna alijifungia bafuni analia. Verna alimsikia, kama tulivyomsikia sote. Hakwenda kugonga mlango.

Msimu ukaanza. Ole Kvamme akaja kumpa bunduki yake.

"Chukua, nitaitaka Jumatatu."

"Bunduki ya kuazima ni kama meno ya kuazima."

"Mimi haya ya bandia ninayo miaka kumi, yananitosha."

"Ndiyo maana unatafuna kama mbuzi. Nenda nyumbani, Ole."

Kurt akajitolea kwenda kumwindia. Akajibiwa kwamba kibali kina jina la mtu, na sheria iko wazi. Theluji ikashuka, elki wakateremka mpaka karibu na mabwawa, tukawaona kwa macho. Verna alikuwa akiwatazama kutoka jikoni, anaosha maganda ya watu wengine.

Jumamosi ya mwisho ya msimu Shawna akaja peke yake kabla hakujapambazuka. Begani ana bunduki yake mwenyewe, mpya, kitako chake cha plastiki.

"Verna," akasema pale mlangoni, hata salamu hakutoa, "mimi nina bunduki, kibali sina. Wewe una kibali, bunduki huna. Ukikataa, nitaketi hapa nile mayai yako mpaka jioni, halafu niende zangu."

"Plastiki hiyo."

"Ndiyo plastiki. Haina amonia."

Nasimuliwa kwamba Verna aliitazama ile bunduki mpaka kahawa ikachemka ikamwagika juu ya jiko. Halafu akasema, "Vaa koti la rangi ya chungwa, wawindaji wengine wakuone. Na njiani usiongee."

Walitoka. Kila mmoja ananisimulia kwa namna yake, lakini wanakubaliana kwamba Verna alipiga mara moja, na elki akaenda hatua chache akalala. Wanakubaliana pia kwamba Shawna alitapika alipoingiza mikono tumboni mwa mnyama, akajifuta kwa theluji, akarudi kazini, na kwamba Verna hakumsaidia wala hakumcheka. Alimwonyesha tu pa kukata.

Jioni waliniita. Ini lilikuwa kikaangoni na vitunguu. Hakuna aliyeomba radhi, na sikutegemea. Kurt aliwauliza ilikuwaje, mama yake akamwambia asogeze chumvi.

Bunduki ya Harald iko ukutani, imepakwa mafuta, haina cha kula. Kurt ameyatafuta maganda ya bunduki hiyo kwenye minada, hajapata. Verna hamuulizi.

Mwaka uliofuata, mwezi wa tatu unakwisha na friza inakaribia kubaki tupu, nilikuwa jikoni kwake alipompigia Shawna simu.

"Umeomba kibali?" akamuuliza. "Bado? Unasubiri nini, wanafunga kesho. Omba. Safari hii utapiga wewe. Mimi bunduki ya watu sitaki kuizoea." Akasikiliza kidogo. "Ndiyo nitakuja. Nani mwingine atakuonyesha elki walipo?" Akakata simu, akarudi kwenye beseni lake la maganda.