Chuma Kilichotoka Uwanjani

Uwanja wetu uko juu ya soko, kando ya barabara inayopanda kutoka Kianjokoma kuelekea msituni. Ni wa umma, na kwa miaka mingi umma uliutumia ulivyotaka. Ng'ombe walilishwa pale, mikutano ya injili ilifanyika pale, na mvua ikinyesha nusu yake ya chini iligeuka dimbwi. Nilikuwa mwalimu katika shule ya msingi iliyo ng'ambo ya barabara, na wasichana wangu wa netiboli walifanyia mazoezi pale kwa sababu shule haikuwa na mahali pengine. Kwa hiyo ilipopatikana ruzuku ya wafadhili ya kusawazisha uwanja, kuchimba mitaro, kupanda nyasi na kusimamisha magoli ya chuma, niliwekwa kwenye kamati. Mwenyekiti alikuwa karani mstaafu, mzee wa kanisa letu.

Tingatinga lilianzia upande wa juu, karibu na goli la zamani la miti, ambako mawe yalichomoza kila mwaka. Alasiri moja nilitoka darasani nikakuta kazi imesimama kwa sababu ya manyunyu. Dereva alikuwa amejikinga kwenye kibanda cha mabati walimoweka vifaa. Aliponiona akaja na kitu mkononi, kimefunikwa udongo mwekundu, urefu wake kama chupa ya soda lakini kizito zaidi.

"Mwalimu, hebu angalia hii. Imeng'oka kule juu. Si ni ya bomba la maji? Nisije nikakatia watu maji."

Nilikipokea kwa mikono miwili, nikaenda nacho kwenye mfereji nyuma ya kibanda ili nikioshe tuone ni nini. Yeye akarudi kujikinga. Nilifungua maji, lakini udongo ulikuwa umeshika kweli. Nilikikwaruza kwa kijiti, kijiti kikavunjika. Nikakigonga kwenye ukingo wa saruji, nikakigonga tena, kama mtu anayetoa udongo kwenye nduma iliyotoka shambani. Bonge likadondoka, na chini yake nikaona mkia wenye mapezi madogo ya chuma yaliyouzunguka.

Mkia kama ule nilikuwa nimewahi kuuona.

Nilipokuwa mdogo, kwetu Kibugu, ndugu yangu mkubwa alikuwa akichunga mbuzi kwenye ukingo wa msitu. Siku moja aliokota chuma, akataka kukifua kiwe kengele ya mbuzi. Tulisikia mlio tukiwa nyumbani. Mama alikuwa anapepeta maharagwe. Ungo ulimtoka mikononi, akakimbia bila kuuliza ni nini. Ndugu yangu aliletwa amebebwa, mkono wake wa kulia umekwisha. Baadaye polisi alikuja na kipande cha mkia, akakiweka juu ya kigoda, akatuita watoto wote wa pale. Alisema vitu vile vilibaki tangu wakati wa vita, kabla ya uhuru, askari walipokuwa wakipiga mizinga msituni. "Mkiona kama hiki, msiguse," alisema.

Na sasa nilikuwa nimekishika. Maji yalikuwa yanaendelea kukitiririkia, na niliogopa hata kunyoosha kidole kufunga mfereji. Sikujua kama kingelipuka nikikiweka chini, au kama kingelipuka nikiendelea kukishika.

Hapo ndipo nikawasikia wasichana wangu wanavuka barabara wakiimba.

"Simameni hapo! Rudini shuleni!"

Wakacheka. Walidhani nimewakasirikia kwa kuchelewa. Kapteni wao akazidi kuja, mpira kwapani.

"Mwalimu, kwani leo hakuna mazoezi?"

"Rudi!"

Sauti iliyonitoka haikuwa yangu. Aliacha mpira ukaanguka, akakimbia na wenzake nyuma yake. Mpira ukaja ukiviringika kwenye mteremko, polepole, nami nikiutazama tu, siwezi kurudi nyuma wala kuusukuma. Uligusa kiatu changu ukasimama.

Kelele zile zilimleta mwenyekiti kutoka upande wa soko, na mwavuli wake.

"Mwalimu, ni nini?"

"Mzee, usikaribie. Hii ni bomu."

Alisimama. Alisema maneno ya sala kwa Kiembu, akakatiza katikati. "Kuna mchanga hapo nyuma yako. Weka hiyo kitu hapo. Polepole, mwanangu."

Nilizoea aniite mwalimu, na neno hilo lilinitia hofu zaidi. Nilitembea hadi kwenye lundo la mchanga wa mitaro, nikapiga magoti, nikakilaza kama mtoto mchanga. Vidole vilikataa kufunguka. Vilipofunguka, nilirudi nyuma kinyumenyume mpaka nikagonga ukuta wa kibanda, nikatapika.

Polisi walikuja wakazungusha kamba uwanja mzima. Kesho yake wakafika wataalamu wa mabomu. Kiongozi wao, mtu wa sauti ya chini, aliniuliza niliutoaje udongo. Nilimweleza. Aliutazama ule ukingo wa saruji, akanitazama mimi.

"Mama," alisema, "ile bado ni nzima."

Ndugu yangu alifunga kibanda chake cha ndizi sokoni, akapanda kuja kusimama nami nyuma ya kamba. Wataalamu walikuwa wamekifukia kile chuma kwenye shimo ili wakilipue. Kipenga kikalia, kisha ardhi ikaruka. Watu walipiga mayowe. Ndugu yangu alikaa chini palepale kwenye matope, akanishika kwa mkono wake wa kushoto.

"Unajua siku ile sikusikia?" alisema. "Nyinyi mlisikia kule nyumbani. Mimi sikusikia kitu. Niliona tu mbuzi wanakimbia. Leo ndiyo nimesikia."

Tangu utoto wetu hakuwahi kuizungumzia siku ile. Nilikaa naye kwenye matope.

Wataalamu walipitisha chombo chao cha kutafutia vyuma ardhini uwanja wote. Walipata kingine mahali palipokuwa na nguzo yetu ya netiboli, pale nilipowazoesha wasichana kuruka na kufunga, darasa baada ya darasa. Mwenyekiti aliponipa habari hizo niliwaona wote, hata walioolewa na kwenda mbali, wakiruka na kutua, nami kando yao nikipiga makelele, "Ruka juu zaidi!"

Wafadhili walisimamisha kazi mpaka walipohakikishiwa kwamba uwanja umesafishwa. Kabla ya wataalamu kuondoka nilimfuata kiongozi wao.

"Mimi niwaambie wazazi nini?"

"Waambie tumepita kila mahali, mpaka kina ambacho chombo chetu kinafika."

"Na chini ya hapo?"

"Chini ya hapo, mama, hakuna anayechimba."

Nyasi zilishika, magoli yakapakwa rangi nyeupe. Siku ya kufungua tuliwaalika wasichana wa shule moja ya Kanyakine, mbali na kwetu. Walikuja wakafurahia uwanja, kwa sababu hawakujua neno. Watu wetu ndio waliosimama kwenye mstari, kila mzazi na mkono begani kwa mtoto wake. Mama ya kapteni aliniuliza, "Wewe mwalimu, wako unaweza kumweka hapo?"

Wangu alikuwa binti ya ndugu yangu, mfungaji wetu. Nilimtazama baba yake. Alitikisa kichwa kukubali, lakini midomo yake ilikuwa imekauka.

Niliingia kwanza mimi. Nilikanyaga kwa wepesi, kama kwamba uzito wangu ndio ungeamua. Kufika katikati nikageuka, nikapuliza kipenga, hakikutoa sauti. Nikalamba midomo, nikapuliza tena. Binti ya ndugu yangu akatoka mbio. Kapteni akamfuata, mama yake akimwita, kisha wengine.

Tulifungwa vibaya, nikaambiwa. Mabao sikuyaona, nilikuwa natazama miguu. Mchezo ulipoisha ndugu yangu aligawia timu zote mbili ndizi, na mwenyekiti akaomba sala ndefu sana, hakuna aliyelalamika.

Bado nafundisha pale. Uwanja ni mzuri, mvua ikinyesha maji hayatuami tena. Lakini mwanafunzi akiruka na kutua, macho yangu hubaki miguuni mwake mpaka nimwone anakimbia tena.