Siku Nilipoyakalia Mabati ya Kanisa

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kituo cha hali ya hewa cha Gitega, Burundi, nilimkimbilia mkuu wangu huku napiga kelele kwamba dhoruba inakuja. Msinicheke. Nilikuwa nimetoka Tanzania, nilikokulia na kusomea, na shuleni tulifundishwa kwamba baromita ikishuka, mvua na upepo viko njiani. Asubuhi niliikuta zebaki iko juu. Baada ya chakula cha mchana imeteremka. Basi nikatoka mbio, kanga mkononi.

Mkuu huyo tulimwita Shefu wa Stasyo, mtu wa Gitega hasa, mpole wa sauti na mkali wa kazi. Alikuwa anakunywa chai na hakuinuka.

"We Yuditha," akasema, "toka mi nianze hii kazi, presyo iko inashuka kila siku mchana. Asubuhi inapanda, mchana inashuka, usiku inapanda tena. Iko kama mtu anavuta pumzi. Sasa utakimbia kila siku? Viatu vitaisha!"

"Sasa ya hatari nitaijuaje, Shefu?"

"Jua kwanza ya kawaida. Siku itashuka kupita kawaida yake, hapo kuja na mbio. Mi pia nitakimbia."

Hiyo presyo, ninyi vijana, ndiyo mgandamizo wa hewa. Hewa haionekani lakini ina uzito, na baromita ni mizani yake tu. Panapokuwa na hewa nzito tunasema mgandamizo ni mkubwa, na penye hewa nyepesi ni mdogo. Hewa hutoka penye mgandamizo mkubwa ikaenda penye mdogo, na mwendo huo ndio upepo. Aliyewahi kuwasha imbabura, lile jiko letu la makaa, ameshauona. Moto ukishika, hewa ya moto inapanda juu, na hewa ya baridi inaingia kwa nguvu kwenye kile kimlango cha chini. Weka kiganja pale uone. Ardhi ikichomwa na jua inafanya vilevile, ila imbabura yake ni wilaya nzima.

Gitega nilikaa miaka mingi. Nilisoma vipimajoto ndani ya kibanda cheupe cha mbao, nikapima mvua kwenye ndoo yake, nikatazama vile vikombe vinavyozunguka kupima kasi ya upepo. Shefu hakukubali msomaji wa kubahatisha. Ukichelewa saa ya kusoma alikuambia, "Hewa haikukungoja, bibi," na siku nzima hakukusemesha tena. Nilimchukia, kisha nikampenda.

Baadaye akaja Ispekta, mkaguzi wa vituo, kutoka makao makuu, akasema Muyinga hakuna msomaji. Nilikubali kabla hajamaliza sentensi. Binti yangu Neema alikuwa ameolewa huko, Butihinda, kwenye mlima, ndivyo huku tunavyoita kijiji, uliojaa watu waliorudi kutoka Tanzania kama sisi. Mumewe, Eliya, alikuwa fundi wa paa. Kijana mzuri, mcheshi, lakini mbishi! Ukimwambia jua linachomoza mashariki, anataka kwanza aone.

Muyinga ndiko nilikokutana na adui wangu. Hakuwa mtu. Ilikuwa baromita ndogo ya ukutani, ya sahani, aliyopewa Mzee Yakobo na mmisionari mmoja kule kambini Tanzania, enzi za ukimbizi. Mzee Yakobo alikuwa mzee wa kanisa, na ile baromita aliitundika sebuleni kama picha ya harusi. Usoni ilikuwa na maneno ya Kizungu, na Mzee alimfasiria kila mgeni: hapa jua, hapa mabadiliko, hapa mvua, na hapa mwisho kabisa, dhoruba. Tangu siku alipoitundika, mshale ulilala kwenye dhoruba na haukuondoka. Jua la kiangazi linapasua vichwa, mshale uko kwenye dhoruba!

Kosa halikuwa la chombo. Kilikuwa kimerekebishwa kwa watu wa pwani, na sisi tuko milimani. Ukipanda mlima, sehemu ya hewa unaiacha chini yako, ile iliyobaki juu ya kichwa chako ni kidogo, na mgandamizo unapungua. Mshale unadhani ni dhoruba, kumbe ni urefu wa mlima. Nyuma ya sahani kuna skrubu ndogo ya kuurudisha mahali pake. Nilimwomba Mzee Yakobo niizungushe.

"Ng'o! Hii ni zawadi ya mtumishi wa Mungu," akasema. "Haifunguliwi."

Matokeo yake, mlima mzima uliamua kwamba baromita ni chombo cha uongo, na mama wa baromita naye ni mwongo mwenzake. Nikipita sokoni waliniita Mama Dhoruba. Eliya, kwa sababu ni mkwe, hakuthubutu kuniita hivyo mbele yangu, lakini Neema aliniambia anavyocheka nyumbani.

Sasa sikilizeni. Watu wa mlima ule walikuwa wanajenga kanisa. Matofali walichoma wenyewe, miti walikata wenyewe, na mabati waliyapata kwa jasho la misimu kadhaa. Jumamosi moja, mvua za kwanza zikikaribia, baada ya kazi za jamii walipanda kuezeka. Eliya ndiye aliyekuwa fundi mkuu, juu kabisa ya kenchi.

Siku hiyo nilikuwa kituoni Muyinga mjini. Mchana zebaki ilishuka, kama kawaida. Nikangoja. Ikaendelea kushuka, ikapita pale ambapo huwa inasimama. Upepo ukakata kabisa, vikombe vikaganda. Upande wa Tanzania wingu lilikuwa limeota kichwa kipana, jeusi tumboni. Nikamsikia Shefu wangu masikioni, maskini, na wakati huo alikuwa ameshafariki.

Nikampigia Eliya simu. "Shuka, mwanangu. Shusha na watu wako."

"Mama, heshima yako," akajibu, na nyundo zinasikika nyuma yake, "ya Mzee Yakobo nayo inasema dhoruba toka tumerudi. Huku hata jani halitikisiki. Tumalize huu upande, sawa?"

Hata jani halitikisiki! Hilo ndilo lililonitisha. Nilimwachia mwenzangu kituo, nikapanda moto, pikipiki ya abiria, mpaka Butihinda, na njia nzima nilikuwa naomba na kugombana kwa zamu.

Nikawakuta wanaume wako juu, nusu ya paa imeshapigiliwa, na mabati mengine yamepangwa chini wanayavuta kwa kamba. Bati, wanangu, upepo ukilishika linakuwa panga. Nikaita, wakacheka. Mzee Yakobo mwenyewe akasema, "Mama Neema, kaa kivulini, upumzike." Nikamtazama Neema, tumbo lake la miezi ya mwisho, amebeba sufuria ya maharage ya mafundi. Nikasema moyoni, huyu mtoto hatazaliwa yatima kwa ajili ya skrubu.

Nikaenda nikayakalia yale mabati. Nikakunja kanga, nikakaa katikati.

"Mama, bambe, inuka," Eliya akaita kutoka juu. Bambe kwa Kirundi ni kusihi.

"Siinuki. Mkitaka bati, mnivute na mimi."

Kicheko kikakatika. Kwetu mkwe hamgusi mama mkwe wake. Hata kumpita karibu anafikiria mara mbili. Kuninyanyua kwa mikono asingethubutu, na hakuna kijana mwingine ambaye angemvuta mama mkwe wa fundi mkuu mbele ya macho yake. Mafundi wakabaki wananing'inia na nyundo, bati hakuna. Eliya aliona aibu mpaka masikio yakamwiva. Akashuka kuja kunibembeleza. Wengine nao wakashuka, mmoja mmoja, kuja kusikiliza ugomvi.

"Mama unanivunjia heshima," akaninong'oneza, amesimama mbali kidogo, macho chini.

"Ego, ndiyo, nakuvunjia. Nigombeze upendavyo, lakini hapa chini."

Niliogopa, sitaki kuwadanganya. Niliogopa dhoruba ije, na niliogopa zaidi isije. Kama wingu lile lingepita kando, nisingeweza tena kumwambia mtu yeyote wa mlima ule neno lolote, na safari nyingine wangebaki juu. Mzee Yakobo akaanza kunihubiria utii. Wakanizunguka wote, wanasema kwa pamoja.

Ndipo baridi ikanigusa shingoni.

Mvua ikianza kunyesha ndani ya wingu kubwa, inaipoza hewa. Hewa iliyopoa ni nzito, inaanguka chini kwa kishindo na kutawanyika ardhini, inatangulia mbele ya mvua yenyewe. Upepo huo haubishi hodi. Migomba ya bondeni ililala yote mara moja, kisha ukapanda mlima. "Yoo, Mana yanje!" mtu akapiga kelele, akimwita Mungu wake. Nikawaambia walale chini, nami nikalala juu ya mabati yangu, na Eliya, mila ikamtoka kichwani, akaja akanilalia miguuni ili nisiruke nayo. Nusu ya paa iliyopigiliwa ilichanika juu yetu. Bati moja lilipita likakata mgomba katikati. Kenchi aliyokuwa ameikalia Eliya ilianguka kwenye sakafu ya kanisa.

Hakuna aliyeumia. Tulipoinuka, Eliya aliitazama ile kenchi muda mrefu, kisha akakaa kwenye tope akalia. Nami nikalia.

Kesho yake Mzee Yakobo alikuja na baromita yake imefungwa kitambaa. Hakusema samahani, wazee wa kanisa wana shida na neno hilo. Alisema, "Ile skrubu iko wapi?"

Nimestaafu sasa. Muyinga wameweka mashine inayosoma yenyewe na kutuma yenyewe, na sina wivu nayo, inasoma vizuri. Kanisa limesimama. Mjukuu wangu anasoma, na anajua hesabu kuliko baba yake. Ninyi mnaoanza kazi hii, mtaijua mitambo kunishinda. Ila mjue pia barabara ya kwenda kwa watu, maana namba haiwezi kupanda moto na kwenda Butihinda.

Na Eliya? Kila anapopata kazi ya paa, kabla hajagusa ngazi, hunipigia simu.

"Mama, leo nipande, ama uko njiani kuja kukaa?"