Kiboko Niliyemwona Baharini

Nichekeni tu, mradi nijisimulie mwenyewe. Mimi mtembeza watalii wa Ngorongoro, mzaliwa wa Karatu; maji mengi niliyoyajua ni bwawa la viboko kule kreta. Juzi mgeni wangu mmoja, mzee mnene mkarimu, akanichukua kwenda kustarehe baharini kwenye meli kubwa. Furaha yangu haikuwa na kifani!

Meli ikatia nanga, abiria wakajilaza juani. Mara nikaona mgongo mpana unang'aa majini. Nikainua mkono kama niko kazini: "Kiboko! Upande wa kulia! Msipige kelele!"

Watu wakakimbilia ukingoni, kamera zikamaliza filamu. Kiboko akageuka, akavua miwani ya kuogelea, akaniita kwa shauku:

"Elibariki, yuko wapi? Nami nimwone!"